Chetezo Juu ya Meza ya Wafuaji

Mkinikuta msikitini hapa Stafford, Texas, baada ya sala ya Ijumaa, nyinyi vijana mlioanza kazi juzi juzi, swali lenu ni lile lile. "Bi Maalim, kazini mimi ni mgeni. Hawa watu nitaanza nao vipi?" Nami hukujibuni kwa ufupi kwa sababu nimeacha wali jikoni. Leo wali umeshaiva. Kaeni nikujibuni vizuri.

Jibu langu ni hili: chukua kitu chako unachokipenda, kiweke pale watu wanapokula, kisha unyamaze. Mengine yote ninayoyajua kuhusu jambo hili niliyajua kwa kushtuka, na mshtuko wa kwanza ulikuwa wa pilipili.

Unguja nilisomesha Kurani tangu usichana wangu. Mwaka 2017 nilimfuata mwanangu mjini Garland, kule juu kwa watu wa Dallas, na kazi iliyonikubali ilikuwa ya kiwanda cha kufua nguo za hospitali: mashuka, foronya, mataulo, magauni ya wagonjwa. Nilipoambiwa kufua, nilicheka. Mimi nifundishwe kufua? Nikaingia ndani, nikaona mashine ambayo ng'ombe wawili wangeingia na mlango ukafungika, nikasema lahaula.

Aliyenifundisha alikuwa Lupe, mama wa Kimeksiko, mfupi, na sauti ambayo ingemfaa mwadhini. Siku ya kwanza alinipiga kofi mkononi mbele za watu, mimi mtu mzima na ushungi wangu, kwa sababu nilitaka kutia mkono ndani ya mfuko wa nguo chafu.

"Macho kwanza!" alinifokea.

Akaushika mfuko kwa chini, akaupindua mezani. Likadondoka shuka, ukadondoka mkasi wa daktari, mwisho yakadondoka meno. Meno mazima ya kuvaa, juu na chini. Nilipiga ukelele uliosikika hadi kwenye mashine za pasi. Lupe aliyaokota kwa glavu zake, akayatazama kama anayeyajua.

"Maskini," akasema. "Leo huyu anakula uji."

Lakini Lupe alikuwa akisema nami kazi tu. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, na ukitaka pembe zikutane usiitazame shuka, mtazame mwenzako mabegani, utajua mkono wake unakwenda wapi. Basi nilimtazama Lupe mabegani majuma mazima, na sikujua ana watoto au hana. Chumba cha kulia kila kabila lilikuwa na kona yake. Mimi nilikuwa peke yangu na kibakuli changu cha mchuzi, na Kiingereza changu cha kuokoteza.

Sasa, mimi ni mkusanyaji wa vyetezo, vile vya kufukizia udi. Wanaonijua wanajua. Ninavyo vya udongo wa Pemba, cha shaba nilicholetewa na shemeji yangu kutoka Maskati, na kimoja cha jiwe jeupe cha Kisomali chenye mguu mwembamba kama kiuno cha bi harusi. Nilipohama niliviacha vyombo vyote, vyetezo nikavifunga kwenye kanga nikaja navyo. Jumatatu moja, kwa upweke tu, nilikichukua kile cha Kisomali nikakiweka juu ya meza ndefu ya chakula. Kitupu, bila moto wala makaa. Nilitaka macho yangu yaone kitu cha kwetu wakati ninakula.

Nikaenda kusali. Niliporudi nilisimama mlangoni. Lupe alikuwa amekijaza chetezo changu pilipili ya nyanya, anachovya vipande vyake vikavu vya mkate wa mahindi, anakula kwa raha zake.

"Lupe!" nikasema. "Hicho ni cha moshi!"

Alitafuna polepole. Akakiinamia, akakinusa. Rangi ilimtoka usoni.

"Nimekula kwenye kanisa?" akauliza.

Watu wa kona zote waliangua kicheko. Lupe alikiosha mara tatu, kila mara anakinusa tena, kila mara anasema samahani. Kesho yake akaja na kitu kimefungwa gazetini, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili: chetezo cha udongo mweusi, cha bibi yake. Kwao wanafukiza utomvu wa mti siku ya wafu. Nilikinusa. Wallahi, kama si ule utamu wa ajabu kwa mbali, ningesema ni cha Pemba.

Tangu siku ile kila Jumatatu niliweka kimoja. Wala sikuhubiri, nilingoja tu. Mgeni akiingia, macho yake yakitua mezani, atauliza tu. Ninamwambia, "Nusa." Akishanusa, yeye ndiye anayenihadithia mimi. Papa Déo, Mkongomani aliyekuwa akisukuma matoroli, alinusa cha shaba akafumba macho. "Mama Maalim, hii njo harufu ya padri! Miye nilikuwa nabeba hii kanisani, nikiwa mutoto, nikaunguza kanzu." Mzee mmoja wa Kivietnamu, ambaye hatukuwahi kuisikia sauti yake, alinusa akaenda zake; siku ya pili alileta picha ya kona ya nyumbani kwake, sura ya baba yake na mbele yake vijiti vya ubani vinawaka.

Na chukueni hili pia: usipeleke kile ambacho kikivunjika utalia. Na usimwulize mgeni kwanza anatoka wapi au ana karatasi gani. Maswali hayo ameshaulizwa na watu wenye meza kubwa. Wewe mpe kitu cha kunusa.

Ndivyo nilivyompata Mwanaidi.

Alikuwa msichana wa Mombasa, anakaa Euless karibu na uwanja wa ndege, anapanda gari la mwenzake kuja Garland. Alikuja mwaka uliofuata. Majuma mawili alikula amegeukia ukuta. Jumatatu nilipoweka kile cha udongo, alikiona toka mlangoni akaja moja kwa moja, akakibeba kama mtoto.

"Bi Maalim, nani kaleta hiki? Cha nyanya yangu ni hivi hivi!"

Akalia, akacheka, akala chakula changu chote. Siku ile akanieleza. Alikuwa na binti Mombasa, Rukia, wa miaka sita, amemwacha kwa bibi yake. Wakili alimwambia faili la kumleta mtoto nchi hii linasonga ikiwa mama ana kazi ya kudumu. Naye alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Akifukuzwa kabla hakijaisha, faili linasimama, na lini litasonga tena hakuna ajuaye.

"Kwa hiyo mie hapa hata nikipigwa teke n'tasema asante," akaniambia.

Lupe akampenda. Akamfundisha kama alivyonifundisha mimi, kofi la mkononi na yote. Walikuwa wakikunja shuka pamoja, mmoja Kihispania mwingine Kimvita, na pembe zinakutana. Ilipofika Agosti, Lupe aliumwa tumbo, akaanguka kati ya mashine. Wakampeleka hospitali, akapasuliwa, na hospitali yenyewe ni moja ya zile tulizozifulia. Papa Déo ndiye aliyekuwa akipakia matoroli kwenye lori, kila toroli na kibandiko cha wodi yake, akatuambia lipi linakwenda wodi ya Lupe.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo mshtuko wenyewe ulipo.

Siku mbili baadaye, nipo kwenye mashine ya pasi, ikanijia harufu ya udi. Udi unaofuka, makaa yamekolea. Na kwa pumzi ile ya kwanza, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa Unguja, kwa mama yangu, kuna mgeni anakuja. Pumzi ya pili nikakumbuka niko wapi.

Hamjui kiwanda cha kufua kilivyo. Mashine za kukaushia zinatema vumbi la pamba mchana kutwa. Linakaa juu ya mabomba, linakaa nyuma ya mashine, jeupe na laini, na kazi ya kila zamu ni kulifagia, wala haliishi. Cheche moja inalitosha. Ilikuwa marufuku hata kuingia na kiberiti mfukoni.

Nilikimbia. Mimi na magoti haya. Nyuma ya mashine ya mwisho nilimkuta Mwanaidi amepiga magoti. Amelipindua kapu kubwa la waya, ametandika juu yake mashuka safi yaliyokunjwa nusu, na ndani ya kapu, chetezo changu cha udongo alichokitoa mezani, makaa mekundu kama jicho la fisi. Anafukiza mashuka. Kama tunavyofukiza nguo za bi harusi, kama tunavyofukiza kitanda cha mzazi. Vumbi la pamba lilikuwa juu ya bomba, mkono mmoja tu kutoka kwenye moto.

Nilinyakua ndoo ya maji ya kupigia deki nikaimwaga yote. Chetezo kikapasuka kwa kishindo. Moshi na mvuke vikapanda hadi darini.

"Mwanaidi, umerogwa?"

"Ni ya Lupe," akasema. "Toroli la wodi yake. Jana n'lizungumza naye, asema pale pananuka dawa, hapati usingizi. N'kasema nimfukizie. Nyumbani mgonjwa hulalia shuka la udi, Bi Maalim. Nyumbani si ndivyo?"

Nyumbani ndivyo. Hilo ndilo lililoniuma. Hakufanya kitu ambacho mama yake asingefanya.

Papa Déo akatokea, pua mbele. "Mama Maalim, leo kuko misa?" Akaona kapu, akaona maji, akaona vigae vya chetezo. Kicheko kikamkauka. Kisha akainua uso akatazama darini, na akabaki hivyo hivyo.

"Na ile ya juu," akasema, "mbona inanyamaza?"

Tukatazama juu sote watatu. Pale darini, juu ya vichwa vyetu kabisa, kilikuwapo king'ora cha moshi. Moshi umekizunguka kama kilemba. Na hakikulia. Tukangoja. Hakikulia. Papa Déo akaenda kwenye kingine, karibu na mlango, akapeperushia moshi kwa shuka. Nacho kimya.

Wanangu, nilikaa chini kwenye maji. Miezi yote ile tulifanya kazi na pamba kavu na mashine za moto, tunaamini tunalindwa, na juu yetu vilikuwa vimekufa vyote. 

Meneja alikuja. Si mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alikuwa na bakuli la peremende mezani kwake, alijua majina ya watoto wetu. Aliangalia kapu, akaangalia dari, uso wake ukawa kama shuka lililotoka kuchemshwa. Akatuita ofisini mimi na Mwanaidi, akafunga mlango.

"Hivyo vya darini nilishawaambia wakubwa," akasema. "Wakasema tungoje bajeti. Mkaguzi akijua, watafunga kiwanda, na mimi ndiye nitakayeulizwa." Akamtazama Mwanaidi. "Na anayewasha moto humu anafukuzwa siku hiyo hiyo. Hiyo sheria siwezi kuivunja. Lakini kama hakukuwa na moto, hakuna wa kufukuzwa. Hakuna kilichotokea. Mnanielewa? Baada ya chakula nipeni neno lenu."

Tulimwelewa. Mwanaidi anabaki na kazi, mtoto anakuja, na sisi tunafunga midomo juu ya dari.

Nitakuambieni ukweli, nilitamani kukubali. Nilijua jina la yule mtoto, nilishaisikia sauti yake kwenye simu akisoma Fatiha, anairuka aya moja kila mara. Nikajiambia tutasubiri kidogo, msichana amalize majaribio yake, kisha tutasema. Nafsi ina maneno matamu inapotaka jambo.

Tukaenda kusali adhuhuri kwenye kona yetu ya stoo, kati ya mafungu ya mataulo. Katika rakaa ya mwisho nilisujudu kwa muda mrefu. Tulipotoa salamu, Mwanaidi akaanza kuukunja msala. Nikashika pembe za upande wangu. Akanitazama mabegani, kama Lupe alivyomfundisha.

"Lupe akitoka hospitali," akasema, "atarudi hapa."

"Inshallah."

"Chini ya madude yale mabovu."

Nikamsogezea pembe zangu.

"Bi Maalim, mie sitaki mwanangu aje nchi hii kwa bei hiyo." Akaumaliza msala, akanipa. "Wewe usiseme kitu. Moto n'liwasha mie."

Akatoka. Nilidhani anakwenda ofisini. Hakwenda ofisini. Alikwenda chumba cha kulia, saa ya chakula, kona zote zimejaa, akasimama kwenye meza yangu ndefu, yeye aliyekuwa akila amegeukia ukuta. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu.

"Leo nimewasha moto," akasema. "Nyuma ya mashine. Kosa langu. Moshi mwingi. Kile cha juu hakikulia." Akaonesha dari ya chumba kile kile. "Hakuna kinacholia. Vyote vimekufa. Tafadhali, msifanye kazi."

Nimehudhuria hotuba nyingi za masheikh wakubwa. Sijaona watu wakisikiliza namna ile. Kisha yule mzee wa Kivietnamu akainuka, akachukua kibakuli chake, akatoka nje. Papa Déo akafuata. Mmoja mmoja, kona baada ya kona, tukatoka sote tukasimama kwenye maegesho ya magari, jua la Agosti linatuchoma utosini, na hakuna aliyerudi ndani.

Mafundi walikuja mchana huo huo. Meneja aliwaita mwenyewe, na alimwambia mkaguzi ukweli mbele yetu, namshuhudia kwa hilo. Kiwanda kikafungwa hadi vyote vikabadilishwa. Na Mwanaidi akafukuzwa. Meneja alimpeleka hadi getini, akampa mkono, akamwambia asante, na samahani, na kwamba sheria ile hawezi kuivunja. Mwanaidi alimwambia asante. Kama alivyoniambia angesema.

Nililia njia nzima hadi nyumbani. Mwanangu alifikiri nimefiwa.

Lupe alipotoka hospitali tulimweleza sisi wawili, mimi na Papa Déo, kitandani kwake nyumbani. Alishtuka hadi nikaogopa mishono itafumuka.

"Kwa hiyo shuka langu halikufika?"

"Yalifuliwa upya, Lupe. Yote."

"Wapumbavu!" akafoka. Akajifunika uso. Kisha akasema, "Simu yangu iko wapi?" Alikuwa na binamu msimamizi wa jiko la chakula cha abiria wa ndege, pale pale Euless. Alizungumza naye Kihispania kwa sauti ile yake ya mnarani, na neno pekee nililolielewa lilikuwa jina la Mwanaidi, linarudi tena na tena. Kwa alivyonifasiria Papa Déo, aliyeokoteza Kihispania kiwandani, binamu alikuwa na swali moja: je, huyo mtu anafuata sheria za moto? Lupe akatutazama, akajibu, na Papa Déo baadaye aliniapia kwamba alisema, "Kuliko mtu yeyote Texas."

Kazi ilipatikana. Lakini majaribio yalianza upya na faili lilingoja, na mtoto alichelewa kuja mwaka mzima na zaidi. Sitakufichieni hilo. Alimkosa mamake Idi mbili. Mwanaidi hakuwahi kunilalamikia hata mara moja, nami kila sala niliwataja wote wawili kwa majina.

Nyinyi mtauliza, na vyetezo? Tulipofunguliwa kiwanda niliapa sitapeleka tena. Jumatatu ile nikaingia mikono mitupu. Mezani nikakuta vigae vya chetezo changu cha udongo, vimeunganishwa kwa gundi, vibaya, mdomo umepinda. Papa Déo aliviokota siku ile kwenye maji. "Miye si fundi," akasema. "Lakini kinasimama." Kikakaa pale kila siku hadi nilipostaafu. Hakikuwahi kuona moto tena. Mgeni akiuliza, yeyote aliyekuwa karibu alimjibu, si lazima mimi. Wanamwambia anuse, kisha wanamwambia atazame juu, kwenye ile taa ndogo ya kijani ya king'ora kipya. Kisha ndipo wanaanza kumhadithia, na jina la kwanza analojifunza mgeni katika kiwanda kile ni la mtu ambaye hayupo.

Nilihamia hapa Stafford kwa binti yangu. Mwanzoni mwa 2020, kabla dunia haijafungiwa ndani, Mwanaidi aliendesha kutoka Euless kuja kunitazama, na nyuma ya gari alikuwapo Rukia, mrefu, meno ya mbele hayapo. Alinibusu mkono kama alivyofundishwa. Nilikuwa nimewasha cha shaba kwa ajili yao, uani, mbali na nyumba. Nikamwambia, "Nusa, mwanangu."

Akanusa. Akacheka. Kisha akaingia ndani, akasimama katikati ya sebule yangu, akainua uso darini akitafuta. Kiswahili chake kilikuwa kimeshaanza kuchanganyika, lakini hili alilisema lote.

"Bibi," akaniuliza, "cha kwako kinalia?"

Sikujua. Tangu nihamie sikuwahi kukijaribu. Mwanaidi akanitazama, mkono mdomoni. Nikavuta kiti chini ya king'ora, nikamshika Rukia kiuno, akapanda, akabonyeza kitufe chake.